Filamu za Kifaransa za zamani na za sasa: uanze na ipi?

Mtu akiniomba nimtajie filamu ya Kifaransa ya kuanzia, namuuliza mambo mawili: ana muda gani jioni hiyo, na ataangalia na nani. Majibu hayo yananisaidia kuliko kujua kama anapenda za zamani au za sasa, kwa sababu wengi wameshajipangia upande kabla ya kuangalia hata moja. Wapo wanaosema zile za nyeusi na nyeupe ni za wasomi, ndefu, watu wanavuta sigara na kubishana mkahawani mpaka mwisho. Wapo wanaosema Ufaransa iliishiwa tangu miaka ya 1960 na kwamba siku hizi inaiga Marekani tu. Wote wanajinyima. Mwaka 1956 Robert Bresson alitengeneza filamu ya kutoroka gerezani inayobana kifua kuliko nyingi za mapigano zinazotoka leo, na mwaka 2022 Alice Diop alimdai mtazamaji subira ambayo wakongwe wengi hawakuthubutu kuidai.

Ndiyo maana hapa nimeziweka mbili mbili, ya zamani na ya karibuni, zinazoshughulika na jambo lilelile. Kila jozi nasema ningeanza na ipi. Kuna mahali ya zamani inashinda bila ubishi, na kuna mahali ambapo mpya ndiyo itakayokufanya uitafute ya zamani kwa hamu.

Jambo moja kwanza, maana ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Afrika Mashariki wengi wetu tumezoea picha zilizotafsiriwa: mtu mmoja anasimulia juu ya sauti za waigizaji, anampa steringi jina la mtaani, na wewe kibandani unaweza kugeuka ukanunua karanga bila kupotea. Filamu za Kifaransa zitakujia na sauti zake zenyewe na maandishi chini ya picha, mara nyingi ya Kiingereza. Aliyesoma Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura anajua Kifaransa na ana nafuu kubwa. Sisi wengine inabidi macho yabaki kwenye kioo. Kwa hiyo wingi wa maneno ndani ya filamu ni kigezo cha kuchagua sawa na hadithi yenyewe, na nitautaja panapohusika.

Gerezani: Un condamné à mort s'est échappé (1956) na Un prophète (2009)

Jina la filamu ya Bresson linakwambia mwisho wake: aliyehukumiwa kifo ametoroka. Ukishajua hilo, kinachobaki ni namna alivyofanya, na Bresson anakuonyesha kwa ukaribu usio wa kawaida. Luteni Fontaine amefungwa na Wajerumani katika gereza la Montluc, mjini Lyon, mwaka 1943. Mlango wa chumba chake ni wa mbao za mwaloni, lakini akiukodolea macho kwa muda mrefu anagundua kwamba vibao vyake vimeungwa kwa mbao laini zaidi. Anaficha kijiko cha chuma. Ananoa mpini wake kwenye sakafu ya saruji mpaka unakuwa patasi. Kisha anaanza kukwangua kiungo cha mlango, kidogo kidogo, huku akisikiliza nyayo za mlinzi, na chembe za mbao anazikusanya zisije zikaonekana nje.

Kamera haitoki pale. Unaiona mikono, mbao, kijiko. Mambo mengine yote unayapata kwa masikio: treni inayopita ng'ambo ya ukuta, funguo za mlinzi zikigongagonga kwenye vyuma vya ngazi, milio ya risasi uani. Usiku wa kutoroka kuna mlio mwembamba wa kukwaruza unaosikika gizani na hujui ni wa nini, na ukishajua chanzo chake utaelewa kwa nini Fontaine amebaki ukutani muda wote ule. Sitakuharibia.

Bresson hakutaka waigizaji wa kazi. Fontaine aliigizwa na François Leterrier, mwanafunzi wa falsafa, naye hakuruhusiwa kulia wala kukunja uso ili tumwonee huruma. Kisa chenyewe ni cha kweli: André Devigny, mpiganaji wa harakati za kuipinga Ujerumani, alitoroka Montluc kweli, na alikuwapo kumshauri mwongozaji. Bresson mwenyewe aliwahi kuwa mfungwa wa vita. Labda hapo ndipo ulipotoka ule uvumilivu wa kukitazama kitu kidogo mpaka kikazaa uhuru.

Sasa chukua Un prophète ya Jacques Audiard. Malik ana miaka 19, hajui kusoma vizuri, hana ndugu wala kundi, anaingia gerezani kutumikia miaka sita. Wakubwa wa gereza ni Wakorsika, watu wa kisiwa cha Korsika, chini ya mzee mmoja, César Luciani, na mzee huyo anampa chaguo moja: muue mfungwa fulani au tutakuua wewe. Fontaine alikuwa na kijiko. Malik anapewa wembe. Anafundishwa kuuficha mdomoni na kuutoa kwa ulimi, anajizoeza mbele ya kioo, damu inamtoka. Chuma kidogo kilekile, mikono ileile inayojifunza kazi peke yake chumbani, lakini huyu anachonga njia ya kuingia ndani zaidi ya gereza na Fontaine alichonga ya kutoka.

Kuna tukio moja katika Un prophète linaloniambia kila kitu kuhusu kifungo. Malik anapewa ruhusa ya siku moja, anapanda ndege kwa mara ya kwanza, na mkaguzi wa uwanja wa ndege anapompapasa, yeye anafungua kinywa na kutoa ulimi nje, kama anavyofanya kila siku mbele ya askari magereza. Hakuna anayelizungumzia. Tahar Rahim, ambaye wakati ule hakuwa akijulikana sana, alipata kwa kazi hiyo tuzo mbili za César, tuzo kuu za filamu za Ufaransa, usiku mmoja, ya mwigizaji bora na ya chipukizi bora.

Ya Audiard ni ya saa mbili na nusu na zaidi, ina ukatili ambao si wa kuangalia na watoto wala na wazazi, na ina maneno mengi kwa Kifaransa, Kiarabu na Kikorsika. Ya Bresson ni ya saa moja na dakika arobaini hivi, maneno ni machache, na hata babu anaweza kukaa nayo. Anza na Bresson. Kwa anayesema za zamani zinachosha, sina jibu zuri zaidi ya hilo.

Maghorofa ya pembezoni: La Haine (1995) na Les Misérables (2019)

Hapa nageuza mpangilio: anza na mpya.

Ladj Ly, mtoto wa wazazi waliotoka Mali, alikulia Montfermeil, mashariki mwa Paris, na alianza kwa kuwapiga picha polisi wa mtaani kwake kwa kamera yake mwenyewe. Filamu yake inaanza Julai 2018, Ufaransa imechukua Kombe la Dunia, na watoto weusi wa Montfermeil wamejifunga bendera za Ufaransa, wanapanda treni kwenda kushangilia katikati ya Paris. Kwa dakika chache nchi nzima ni yao. Kisha filamu inawarudisha nyumbani, na kuanzia hapo tunazunguka na gari la polisi watatu, mmoja wao mgeni siku yake ya kwanza kazini. Mtoto aitwaye Issa ameiba mtoto wa simba kutoka kwenye sarakasi. Ni jambo la kitoto kabisa, na kwa sababu ya jinsi watu wazima wanavyolishughulikia, kesho yake mtaa unawaka.

Mtazamaji wa Nairobi au Dar hatahitaji kuelezwa jinsi askari anavyosimamisha vijana kituo cha basi, wala jinsi wazee wa mtaa, wafanyabiashara na viongozi wa dini wanavyogawana mamlaka pale serikali inapokuja na kirungu tu. Hadithi inakimbia, inaeleweka, na inaisha kwenye ngazi za ghorofa kwa namna ambayo utakaa kimya.

La Haine ya Mathieu Kassovitz ina vijana watatu, Vinz Myahudi, Saïd Mwarabu na Hubert mweusi, katika siku moja baada ya ghasia. Polisi amempiga rafiki yao yuko mahututi, polisi mwingine amepoteza bastola, na Vinz ndiye aliyeiokota. Kilichomsukuma Kassovitz kuiandika ni kifo cha kijana wa Kizaire wa miaka 17, aliyepigwa risasi ndani ya kituo cha polisi mjini Paris mwaka 1993. Filamu yote ni ya nyeusi na nyeupe. Kassovitz alipata tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la filamu la Cannes, na waziri mkuu wa wakati huo, Alain Juppé, aliagiza mawaziri wake waonyeshwe.

Ukizitazama zote mbili kwa karibu, angalia kamera inapopaa. Katika La Haine kuna DJ anayepiga muziki dirishani, na kamera inatoka pale ikapita juu ya maghorofa. Mwaka 1995 iliwabidi kutumia helikopta ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, na picha ile ni zawadi kwa mtaa, wakazi wake wanaonekana kutoka juu kwa heshima kwa mara ya kwanza. Katika Les Misérables droni ni kitu cha kuchezea cha mtoto mpole mwenye miwani, na siku polisi anapofyatua risasi ya mpira usoni mwa Issa, droni ile iko angani inarekodi. Mtoto mwenyewe ni mwana wa Ladj Ly. Miaka 24 imepita, picha ya juu imegeuka kuwa ushahidi, na polisi wanaisaka kuliko wanavyomsaka mwizi.

Wakosoaji wengi watakwambia La Haine ni bora. Kwa sura na muziki, sibishi. Lakini mazungumzo yake ni ya haraka, ya Kifaransa cha mtaani kinachogeuza maneno, na maandishi ya chini hayayafikii hata nusu. Ukitoka kwa Ladj Ly utakuwa tayari unaujua mtaa ule, na utaweza kuwasikiliza wale watatu badala ya kuwasoma.

Mwanamke wa Kiafrika ndani ya Ufaransa: La Noire de… (1966) na Saint Omer (2022)

Hii ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ningetamani ionyeshwe katika kila mji wa pwani yetu.

La Noire de… ni ya Ousmane Sembène, Msenegali aliyewahi kupakua mizigo bandarini Marseille kabla hajawa mwandishi na mwongozaji. Ni filamu ya Senegali kwanza na ya Ufaransa baadaye, lakini nusu yake iko Antibes, ukingoni mwa bahari ya kusini, na Wafaransa wenyewe waliipa tuzo ya Jean Vigo. Ina muda wa saa moja tu. Diouana, msichana wa Dakar, amefurahi: familia ya Kifaransa aliyokuwa akiwalelea watoto inampeleka Ufaransa. Akifika, watoto hawapo. Kuna jiko, kuna deki, kuna choo, na kuna ghorofa lenye kuta nyeupe tupu ambamo hatoki.

Angalia nguo zake. Siku za kwanza Diouana anapiga deki akiwa na gauni lake zuri, hereni na viatu vya kisigino, kwa sababu hizo ndizo nguo alizokuja nazo Ufaransa. Mama mwenye nyumba anakereka, anamfunga aproni, na baadaye anamwamuru avue viatu. Mama huyo hajampiga. Amemwondolea vitu kimoja baada ya kingine mpaka amebaki mtumishi.

Kisha inakuja barua. Mama yake Diouana ametuma barua kutoka Dakar, akilalamika kwamba binti hatumi chochote. Diouana hajui kusoma, kwa hiyo bwana mwenye nyumba anamsomea. Halafu, bila kuulizwa, bwana anachukua karatasi na kuanza kumwandikia jibu, kana kwamba anajua anachotaka kusema: mama mpendwa, mimi mzima, naishi vizuri. Diouana anaichukua barua ya mama yake na kuichana. Nimewahi kuongea na akina dada waliokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba na kurudi. Habari za simu kuzuiwa na pasipoti kufungiwa kabatini ni zao za kila siku. Hakuna filamu iliyoyaona mambo hayo mapema na kwa usahihi kama hii ya mwaka 1966. Mbissine Thérèse Diop, aliyemwigiza Diouana, alikuwa mshonaji nguo, na bado unakumbuka mabega yake kuliko ya nyota wengi.

Saint Omer ya Alice Diop inatokea miaka mingi baadaye, na mwanamke aliye katikati amesoma. Laurence Coly, mwanafunzi kutoka Senegali, ameshtakiwa kwa kumwacha mwanawe wa kike mchanga ufukweni, maji ya bahari yakamchukua. Anakiri. Hakimu anapomuuliza kwa nini, anasema anatumaini kesi hii itamsaidia kujua. Anayesikiliza kwa niaba yetu ni Rama, mwandishi na mhadhiri mwenye asili ya Senegali, mjamzito, ambaye kila swali la hakimu linamchoma kwa sababu zake mwenyewe. Kesi hiyo ilikuwapo kweli katika mji wa Saint-Omer, kaskazini mwa Ufaransa, na Alice Diop alikaa mahakamani kuisikiliza. Maneno mengi ya filamu yametoka humo.

Filamu karibu yote ni watu wanaongea mahakamani. Kamera inamkazia Laurence kwa dakika nyingi bila kukatwa, amevaa rangi ya udongo inayokaribia kufanana na mbao za ukuta nyuma yake, kama vile chumba kinataka kummeza. Kifaransa chake ni fasaha mno, na ufasaha wenyewe unageuzwa kuwa kosa. Mwalimu wake wa chuo anasimama kizimbani kushangaa kwamba msichana wa Kiafrika alitaka kuandika tasnifu juu ya Wittgenstein, mwanafalsafa wa Ulaya, badala ya mtu wa karibu zaidi na utamaduni wake. Diouana alinyamazishwa kwa sababu hakujua kusoma. Laurence anatiliwa shaka kwa sababu anajua.

Kuna swali la jinsi filamu kama hii inavyopata fedha. Tangu kituo cha taifa cha sinema, CNC, kilipoundwa mwaka 1946, Ufaransa imejenga utaratibu wa kukata kodi katika kila tiketi ya sinema, hata ya filamu ya Marekani, na fedha hizo zinarudi kutengeneza nyingine. Watu wanaokwenda kuona magari yakilipuka wanamlipia Alice Diop bila kujua. Ningependa wenye mamlaka ya filamu kwetu wautazame utaratibu huo kwa makini.

Anza na Sembène, hata kama una saa moja tu. Saint Omer isubiri jioni ambayo hujachoka, simu iko mbali, na maandishi unayasoma bila haraka. Mama mwenye mtoto mchanga nyumbani ningemshauri aiache kwa sasa.

Vitu vilivyochukuliwa: Les statues meurent aussi (1953) na Dahomey (2024)

Zote mbili ni za hali halisi na zote ni fupi. Ya kwanza, ya Alain Resnais na Chris Marker, ina nusu saa. Jarida la Présence Africaine liliwaagiza watengeneze filamu juu ya sanaa ya watu weusi, nao wakaishia kuuliza kwa nini sanaa hiyo imewekwa makumbusho ya Paris ikiwa imekufa, na wakoloni wanafanya nini kule ilikotoka. Sehemu yake ya mwisho ilizuiwa kuonyeshwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Mati Diop, katika Dahomey, anafuata hazina 26 za kifalme zilizoporwa na jeshi la Ufaransa miaka ya 1890, zikitoka makumbusho ya quai Branly, Paris, mwaka 2021 kurudi Benin. Sanamu yenyewe inazungumza, kwa Kifon, lugha ya huko Benin, kutoka ndani ya sanduku lenye giza. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu cha Abomey-Calavi wanabishana: tufurahie 26 wakati maelfu yamebaki? Mbona tunajadili haya kwa Kifaransa? Ubishi huo ndio moyo wa filamu, na Mtanzania anayejua kwamba mifupa ya dinosau wa Tendaguru, Lindi, iko Berlin hadi leo atausikiliza kwa masikio yote mawili. Ilishinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya Berlin.

Anza na Dahomey. Ile ya 1953 ina msimulizi mmoja anayeongea bila kupumua kwa Kifaransa cha kitabu, na utaifaidi zaidi ukishayaona masanduku yakipakiwa.

Malori: Le Salaire de la peur (1953 na 2024)

Nitakwenda haraka. Wanaume wanne, malori mawili, nitrogliserini inayolipuka ikitikiswa, barabara mbovu ya Amerika ya Kusini, na kampuni ya mafuta inayolipa vizuri kwa sababu inajua si wote watarudi. Henri-Georges Clouzot anachukua karibu saa nzima kabla lori la kwanza halijawaka, na usimlaumu, anataka uwajue watu hawa na dhiki yao kwanza. Kisha kuna kona ya mlimani ambapo lori haliwezi kugeuka ila lirudi nyuma juu ya jukwaa la mbao zilizooza linaloning'inia bondeni. Kila dereva wa masafa, na kila aliyewahi kumwelekeza dereva arudi nyuma, anapaswa kuliona tukio hilo. Filamu ilishinda tuzo kuu za Cannes na Berlin mwaka huohuo.

Mwaka 2024 Netflix ilitoa toleo jipya la Kifaransa, lenye jangwa na risasi nyingi. Linapita. Hapa ya zamani ndiyo, moja kwa moja.

Paris yenyewe: Cléo de 5 à 7 (1962) na Amélie (2001)

Amélie wengi mmeiona, na raha yake ni ya kweli: Montmartre, mtaa wa Paris, imeng'arishwa, muziki wa Yann Tiersen, msichana anayewafanyia watu mema kwa siri. Mimi pia naipenda. Lakini baadhi ya wakosoaji Ufaransa walilalamika kwamba mtaa ule umesafishwa mpaka Paris ya watu wa rangi zote imefutika, ukimtoa Jamel Debbouze, mwigizaji mwenye asili ya Morocco, katika duka la mboga, na ukishalisikia lalamiko hilo huwezi tena kutoliona.

Agnès Varda hakusafisha kitu. Mwimbaji kijana, Cléo, anasubiri majibu ya hospitali, anaogopa ni saratani, na tunatembea naye dakika tisini za jioni moja, saa kwa saa, katika mitaa ambayo wapita njia wanaigeukia kamera. Anaingia mkahawani, anaweka wimbo wake mwenyewe kwenye mashine, anazunguka kati ya meza kuona kama kuna anayesikiliza. Watu wanaendelea na mazungumzo yao. Baadaye anakutana na askari anayerudishwa vita vya Algeria siku hiyohiyo, na wawili hao, kila mmoja na kifo chake kinachomngoja, wanapata kuzungumza. Kwa anayemuuguza mtu, au anayesubiri majibu yake mwenyewe, sijui filamu yenye huruma zaidi. Chagua Cléo.

Kucheka, na kukaa na watoto

La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, ya Gérard Oury, iliuza tiketi zaidi ya milioni 17 nchini Ufaransa na kwa miongo minne hakuna filamu ya Kifaransa iliyoifikia. Louis de Funès ni kiongozi wa okestra mwenye hasira, Bourvil ni mpaka rangi mpole, na marubani wa Kiingereza wanawadondokea katika Paris iliyotekwa na Wajerumani. Vichekesho vyake viko usoni na miguuni, kwa hiyo lugha haikuzuii. Intouchables ya 2011, ya tajiri aliyepooza na kijana wa mtaani anayemhudumia, ni rahisi kuipenda kwa sababu ya Omar Sy, aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kupata César ya mwigizaji bora wa kiume. Hata hivyo kijana wa kisa cha kweli alikuwa na asili ya Algeria, na filamu inamwachia mweusi kazi kubwa ya kuwachekesha na kuwachezea ngoma matajiri. Kwa ukumbi wenye vijana na wageni, Intouchables. Kwa familia nzima kuanzia bibi, Oury.

Watoto wadogo wape Le Ballon rouge ya Albert Lamorisse (1956): dakika 34, mvulana na puto jekundu katika mitaa ya Ménilmontant, Paris, karibu hakuna maneno. Wakikua kidogo, Kirikou et la sorcière ya Michel Ocelot (1998), katuni ya kijiji cha Afrika Magharibi na mtoto mdogo mwenye akili kuliko wazee wake. Ocelot alikulia Conakry, Guinea, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Wanawake wa kijijini wamechorwa vifua wazi, naye alikataa katakata kuwavisha alipotakiwa na wasambazaji. Mzazi ajue kabla.

Kopi

Filamu za zamani zimeonewa sana na kopi mbovu. Ukiiona Cléo kwa picha iliyofifia na sauti inayokoroma, utasema ni kuukuu, na kosa si la Varda. Karibu zote nilizozitaja zimefanyiwa ukarabati; La Noire de… ilisafishwa kwa msaada wa mfuko wa Martin Scorsese, mwongozaji wa Marekani, pamoja na maabara ya Bologna, Italia, na tofauti inaonekana kwenye weupe wa zile kuta za Antibes. Kabla ya kulipia au kupakua, angalia dakika mbili za mwanzo: je, maandishi ya chini yanasomeka penye rangi nyeupe, na je, yanaenda sambamba na midomo? Yakichelewa hata sekunde tatu, Saint Omer na La Haine zimekufa. Vituo vya Alliance Française, Nairobi na Dar es Salaam vikiwemo, huonyesha filamu za namna hii mara kwa mara, na ukiwa na nafasi ya kuiona ya Bresson kwenye ukumbi wenye spika nzuri, nenda, kwa ajili ya ule mlio wa usiku wa kutoroka.